Saba Aprili na Ufundi wa Kupanga Siku

Miongoni mwa kazi za maandishi ambazo wasomaji huzitumia mwaka mzima bila kuuliza zimefanywa na nani, imo ile ya kuyakusanya matukio ya karne mbalimbali na kuyaweka chini ya siku moja ya kalenda, hata mtu anapofungua gazeti asubuhi hukuta kwamba siku kama ya leo mfalme alitawazwa, chama kilizaliwa, au mji ulipigwa mizinga. Kazi hiyo ni tawi la kronolojia, yaani elimu ya kuthibitisha tukio lilitokea lini na lilitanguliwa au kufuatwa na lipi, na kwa kuwa matunda yake huchapishwa katika safu fupi pembeni mwa ukurasa, wengi wameihesabu kuwa ni kitu cha kupitishia muda. Hukumu hiyo ni dhuluma. Kuinakili tarehe ni jambo jepesi, lakini kuijua kunahitaji elimu na subira, kwa sababu kila tarehe iliyoandikwa imebeba ndani yake kalenda ya aliyeiandika, saa aliyoihesabu kuwa mwanzo wa siku, na mara nyingi uamuzi wa watu waliotaka tukio likumbukwe siku hiyo wala si nyingine. Fundi wa tarehe ni yule anayeyafumbua mambo hayo kabla ya kuthubutu kuyaweka matukio mawili bega kwa bega, na siku itakayotumiwa hapa kuonyesha ufundi wake ni tarehe 7 Aprili, ambayo Afrika Mashariki ina sababu nyingi, na nyingine chungu, za kuijua.

Ugumu wa kwanza ni kalenda zenyewe. Kalenda ya Julius Caesar, iliyoanza kutumika Roma mwaka 45 kabla ya Kristo, iliukadiria mwaka kuwa siku 365 na robo, na robo hizo zikakusanywa kila mwaka wa nne zikawa siku moja ya ziada, nao mwaka huo ukajulikana kuwa mwaka mrefu. Kadirio hilo liliupita mwaka wa jua kwa dakika 11 hivi, na dakika hizo zikilimbikizwa kwa miaka ipatayo 128 hutimiza siku nzima, hata kufikia karne ya 16 kalenda ilikuwa imeachana na majira kwa siku 10. Papa Gregori wa 13 alipoirekebisha mwaka 1582, watu wa Italia, Hispania na Ureno walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba wakaamka Ijumaa tarehe 15, ilhali Uingereza ilikataa mpaka mwaka 1752, na Urusi mpaka 1918. Mtu asiyelijua hilo atasadiki kwamba Shakespeare na Cervantes waliiaga dunia kwa pamoja katika Aprili ya mwaka 1616, kama inavyosimuliwa kila mwaka ifikapo siku ya vitabu. Aliyefunzwa fani hii hujua kwamba Cervantes alifariki tarehe 22 kwa kalenda mpya ya Hispania na akazikwa kesho yake, na kwamba tarehe 23 ya Shakespeare ni ya kalenda kongwe ya Uingereza, ambayo Madrid ilihesabiwa kuwa 3 Mei. Kati ya vifo hivyo viwili zilipita siku 11.

Ufundi huu una mabingwa wake, na inafaa watajwe, kwa kuwa ni nadra wao wenyewe kupewa nafasi katika safu walizoziwezesha. Al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarazm aliyezaliwa mwaka 973, aliandika takriban mwaka 1000 kitabu kizima juu ya namna Waajemi, Wagiriki, Wayahudi, Wakristo, Waarabu na mataifa mengine walivyozihesabu siku, miezi na sikukuu zao, na katika kitabu hicho alikataa kuichukulia hesabu ya taifa lolote kuwa ndiyo kipimo ambacho nyingine zote zimekiasi. Karne sita baadaye Joseph Scaliger, aliyechapisha mwaka 1583 utafiti wake mkubwa juu ya kusahihisha nyakati, alibuni mzunguko mrefu wa miaka unaoanzia mwaka 4713 kabla ya Kristo, na kutokana nao wanafalaki walipata hesabu ya siku mfululizo, isiyo na miezi wala miaka, ambayo kwayo tarehe ya kalenda yoyote hugeuzwa kuwa namba moja na namba hiyo ikageuzwa tena kuwa tarehe ya kalenda nyingine. Kompyuta za leo hufanya ubadilishaji huo kwa kufumba na kufumbua, lakini mantiki yake ni ileile ya kina Scaliger.

Pwani ya Afrika Mashariki inao ushahidi wake wa kazi hii. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna maandishi ya Kiarabu kwa hati ya Kufi yanayotaja mwezi wa Dhulkaada, mwaka 500 wa Hijra. Hijra ni hesabu inayoanzia mwaka Mtume Muhammad alipohama Makka kwenda Madina, na miezi yake hufuata mwandamo wa mwezi, hivyo mwaka wake una siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku zipatazo 11. Mwaka 500 ulianza Septemba 1106 na kumalizika Agosti 1107, kwa hiyo aliyesoma mwaka peke yake hawezi kujua aandike 1106 au 1107. Ni jina la mwezi ndilo linaloamua, kwa kuwa Dhulkaada ni mwezi wa 11, nao uliangukia katikati ya mwaka 1107. Neno moja lililochongwa kwenye jiwe, likikutana na mtu anayejua kulisoma, limeutoa msikiti huo katika shaka ya mwaka mzima.

Tarehe 7 Aprili huanza kuitambulisha pwani hii katika maandishi ya Wareno mwaka 1498, pale merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga nje ya Mombasa. Shajara ya safari hiyo, iliyoandikwa na mmoja wa waliokuwamo melini, yasema kwamba ilikuwa Jumamosi na kwamba kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi, ambayo ni wiki moja kabla ya Pasaka. Maneno hayo, ambayo msomaji wa haraka huyaruka kwa kuwa yanahusu ibada tu, kwa mpanga tarehe ni dhahabu, maana Pasaka huhesabiwa kwa jua na mwezi kwa pamoja na hesabu yake inaweza kurudiwa na mtu yeyote wa zama zozote. Ikirudiwa kwa kanuni za kalenda ya Julius, Pasaka ya 1498 huangukia tarehe 15 Aprili, Jumapili ya Matawi huwa tarehe 8, na Jumamosi iliyoitangulia huwa 7. Shajara imepimwa kwa mbingu ikaonekana kusema kweli.

Hata hivyo hiyo 7 Aprili haikukaa pahali pale pale ilipo 7 Aprili ya leo. Katika mwaka 1498 kalenda kongwe ilikuwa nyuma ya hii inayotumika sasa kwa siku 9, na kama marekebisho ya Papa Gregori yangekwisha kufanyika, siku hiyo ingeandikwa 16 Aprili. Wanahistoria wamepatana kuziacha tarehe za kabla ya 1582 kama zilivyoandikwa, na mapatano hayo ni ya busara, kwa kuwa hati za kale zingevurugika kama kila mhariri angejipa ruhusa ya kuzisogeza. Ila mwenye kuliweka tukio la 1498 pamoja na matukio ya karne ya 20 chini ya siku moja anapaswa kujua kwamba anachounganisha ni jina la siku, na kwamba jua lenyewe halikuwa limesimama mahali pamoja.

Waliokuwa ufukweni nao walikuwa na siku yao. Kwa kalenda ya Hijra, Mombasa ilikuwa katikati ya Shaabani mwaka 903, na mwezi mbinguni ulikuwa unakaribia kutimia. Tena pwani hii kwa karne nyingi imekuwa na hesabu nyingine ya jua yenye asili ya Kiajemi, mwaka wa Nairuzi, ambao siku zake 365 hugawanywa kwa makumi yaitwayo miongo, na ambao mabaharia walijulia majira ya pepo za kusi na kaskazi na wakulima wakajulia wakati wa kupanda. Kwa kuwa mwaka huo hauna siku ya ziada ya mwaka mrefu, sikukuu yake ya Mwaka Kogwa, inayoadhimishwa Makunduchi mwezi wa Julai, hurudi nyuma siku moja kwa kila miaka minne ukiilinganisha na kalenda ya serikali. Ni kosa la kawaida katika vitabu vya historia kuiandika ile Jumamosi ya 1498 kana kwamba ilikuwa na jina moja tu, lile lililoandikwa melini. Kuyarudisha majina yake mengine ni katika kazi tukufu kabisa za fani hii.

Ugumu wa pili ni mpaka wa siku. Serikali, magazeti na mahakama huianza siku saa sita ya usiku, lakini Waislamu wa pwani, kama Mayahudi na baadhi ya makanisa ya kale, huianza jua linapotua, hivyo usiku hutangulia mchana wake. Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano, aliuawa kwa risasi jioni ya Ijumaa, 7 Aprili 1972, katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, Kisiwandui. Tukio lenyewe halina utata wa tarehe, lakini saa zilizolifuata zinao. Mzee wa Unguja akiandika kwamba jambo fulani lilifanyika usiku wa Jumamosi, kwa hesabu ya jadi anakusudia usiku ulioanza magharibi ya Ijumaa ileile, wakati msomaji aliyezoea hesabu ya ofisi ataupeleka usiku huo mbele kwa saa 24 na kuyatenga mambo yaliyoambatana. Yaongezwe na majira ya saa, ambapo saa mbili ya Kiswahili ni ya nane kwa Kizungu, na itaonekana jinsi mwenye kukusanya shuhuda za usiku mmoja mzito anavyoweza kupata tarehe mbili na saa mbili kutoka kwa mashahidi wanaokubaliana kila neno.

Mwaka mmoja kamili kabla ya kifo hicho, tarehe 7 Aprili 1971, Josina Machel alifariki Dar es Salaam akiwa na umri wa miaka 25. Alikuwa mpiganaji na kiongozi wa wanawake katika FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji kilichokuwa na makao yake Tanzania, na nchi yake imeifanya siku hiyo kuwa Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Vifo hivi viwili, kimoja Bara na kimoja Visiwani, vimetenganishwa na mkondo mwembamba wa bahari na mwaka mmoja, na bado mara chache hutajwa pamoja, kwa sababu kimoja kimehifadhiwa katika historia ya Zanzibar na kingine katika historia ya Msumbiji. Safu ya matukio ya siku, ambayo haijali mipaka ya nchi wala ya idara za vyuo vikuu, ndiyo inayovikutanisha, na msomaji huanza kuuona upya mji wa Dar es Salaam wa miaka ile, uliokuwa na wakimbizi, wapigania uhuru na misiba yao.

Hapa ndipo fundi hujitenga na mtabiri. Watu wengi wakiona misiba imefuatana katika siku moja hushawishika kuiita siku hiyo ya nuksi, na ndugu yake kronolojia, ile falaki ya kupiga ramli kwa nyota, imeishi kwa karne nyingi juu ya ushawishi huo. Mpanga tarehe ana dawa yake. Karume aliuawa katika mwezi wa Safar, ambao Waswahili huuita Mfunguo Tano, mwaka 1392, naye Josina alifariki katika Safar ya mwaka 1391, lakini kwa hesabu ya mwezi siku zao hazilingani, kwa kuwa mwaka wa Hijra ulikuwa umekwisha kutimiza duru yake siku 11 hivi kabla ya mwaka wa jua. Yaani ule ulinganifu ulio wazi katika kalenda ya ukutani haumo katika kalenda ya msikitini. Tena hesabu ya bahati yaonyesha kwamba katika kundi la watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa umezidi nusu. Sembuse matukio ya karne nzima yanayogawanywa katika siku 366. Kwa hiyo kukutana kwa matukio si ajabu, na mwenye kuipenda fani hii hana haja ya kuipamba kwa ajabu, kwa maana thamani yake iko katika kumfanya msomaji awaze kwa pamoja juu ya watu ambao asingewaza juu yao pamoja.

Zipo pia siku zilizokutana kwa sababu zilikutanishwa, nazo hudai usomaji wa namna nyingine. Chama cha Afro-Shirazi kilizaliwa tarehe 5 Februari 1957. Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwishoni mwa Januari 1967, lilitangazwa tarehe 5 Februari. Na TANU na Afro-Shirazi zilipoungana kuwa Chama Cha Mapinduzi mwaka 1977, siku ikawa ile ile. Asiyetofautisha sadfa na kusudi ataiweka 5 Februari katika kapu moja na 7 Aprili, kumbe ya kwanza ni hati ya kisiasa iliyoandikwa kwa kalenda, ambapo chama kipya kilijifungamanisha na umri wa chama kilichokitangulia. Siku ya Afya Duniani, inayoadhimishwa kila 7 Aprili tangu 1950, imo katika fungu hili, kwani ilichaguliwa kwa sababu katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika tarehe hiyo mwaka 1948.

Mzigo mzito kuliko yote uliowekwa juu ya 7 Aprili ni wa Rwanda. Jioni ya Jumatano, 6 Aprili 1994, ndege iliyowachukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, waliokuwa wakirejea kutoka mkutano wa Dar es Salaam, iliangushwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Vizuizi viliwekwa barabarani usiku uleule, na asubuhi ya Alhamisi Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa, pamoja na askari 10 wa Ubelgiji waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, huku mauaji ya Watutsi yakishika kasi mtaa kwa mtaa. Ndege ni moja na usiku ni mmoja, lakini nchi mbili zimejiwekea siku mbili: Burundi humkumbuka Ntaryamira tarehe 6, na Rwanda huanza tarehe 7 maombolezo yake yaitwayo Kwibuka, yaani kukumbuka. Mwaka 2003 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliifanya 7 Aprili kuwa siku ya kimataifa ya kuyatafakari mauaji hayo.

Tofauti hiyo ya siku moja yaweza kuonekana kuwa ndogo, ilhali ndani yake kuna hoja nzima. Anayeanza hesabu tarehe 6 ameifanya ndege kuwa ndiyo habari. Anayeanza tarehe 7 ameifanya habari kuwa ni watu waliowindwa majumbani mwao, na ameweka mbele uhalifu uliopangwa badala ya kifo cha mtawala. Rwanda ilichagua kwa makini, na ilichagua sawasawa. Wala siku ya mwanzo haikuwa mwisho wa kazi, kwa sababu maangamizi yaliyoendelea kwa takriban siku 100 hayawezi kuwekwa yote chini ya tarehe moja bila kuwadhulumu waliokufa katika siku nyingine. Waliokimbilia kanisa la Ntarama wana 15 Aprili, na waliokusanywa katika shule ya Murambi wana 21 Aprili. Tarehe kama hizo hazipati nafasi katika safu za magazeti ya nchi za mbali, lakini ndizo zinazowakusanya walionusurika kila mwaka mahali penyewe.

Kuzipata kulihitaji kazi ileile iliyofanywa juu ya shajara ya Wareno, ila sasa kwa ajili ya watu walio hai. Mtu aliyejificha kwenye kinamasi kwa wiki kadhaa hakuwa na kalenda. Alichobaki nacho ni Jumapili, mvua, na ni nani alikuwa bado hai siku ile. Pasaka ya mwaka 1994 ilikuwa 3 Aprili, kwa hiyo shahidi anayesema Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka ametaja 10 Aprili, na anayesema siku ya tano kutoka hapo ametaja 15. Ushahidi mmoja hushikizwa kwa mwingine, jirani akamsahihisha jirani, mpaka siku ya familia fulani ipatikane, na ikipatikana, jina la mtu huandikwa pamoja na tarehe yake mwenyewe.